Matobo Mawili, Mdomo Mmoja

Kiponda, Mji Mkongwe
14 Juni 2025

Shangazi yangu Bi Mwanapili,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Naiandika shikamoo kwa sababu ile niliyokupa jana pale Darajani uliipokea kwa kuangalia ndimu. Muuza ndimu ndiye aliyeitika marahaba! Mtu mzima na ndevu zake, kanionea huruma.

Najua umeapa. Idi pili wakwe zangu wamekuja kwako Jang'ombe, mimi bibi harusi nimekwama kazini hata siku ya sikukuu. Ukafungua mkoba wangu uwaonyeshe kofia ninayomshonea Suhaib, ukakuta matobo tisa tu yaliyoshonwa. Tisa, kati ya mia sita na arubaini! Mama yake Suhaib akasema, "Tisa si haba," na nadhani hilo ndilo lililokuchoma zaidi. Ukaapa mbele yao wote: wallahi hutonisemesha mpaka uione kofia imemalizika kwa mkono wangu.

Sibishi. Kwetu mwanamke humshonea kofia mume atakayemuoa, na haazimi mkono. Wewe ulimshonea marehemu Bwana Borafya, Bibi alimshonea Babu. Lakini Shangazi, umenilea tangu nina miaka minne, na hatujawahi kumaliza siku mbili bila kusemezana, hata ile wiki uliyong'olewa jino. Leo siku ya sita. Nimekaa nikawaza: kiapo umekila kwa mdomo, mkono hukuutaja. Nikikuandikia nawe ukanijibu, kiapo kitakuwa salama na mimi nitakuwa hai. Au tutoe kafara, tulishe masikini kumi. Nitapika mwenyewe.

Kilichoniweka kazini siku ile ni haya mashimo meusi ambayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Shimo jeusi ni nyota nzito iliyojikunjia ndani mpaka ikawa tobo angani. Kinachoingia hakitoki, hata mwanga. Yakiwa mawili huzungukana, hukaribiana, kisha hugongana na anga yote ikatikisika. Hakuna jicho la kuyaona kwa karibu, basi tunayahesabu. Nnaiandikia kompyuta sheria zote, kisha nnaiambia: haya, yagonganishe. Na si hii kompyuta yangu ya mezani. Ni kubwa ya kujaza ukumbi, iko Ulaya, na watu wa dunia nzima wanaipangia foleni. Dk. Muhiddin, msimamizi wangu, amenipatia zamu tatu. Tatu tu, na ya mwisho ni mwisho wa Agosti! Zikiisha mashimo yangu hayajagongana, sina matokeo. Bila matokeo hakuna shahada ya uzamivu, na miaka yangu minne imekwenda na maji. Mpaka sasa kila nikijaribu kidogo kidogo, programu inakufa njiani.

Harusi ni Ijumaa ya tarehe 19 Septemba. Nataka vyote viwili. Nijibu, japo kwa kunitukana.

Mwanao,
Mayasa


Jang'ombe
16 Juni 2025

Mayasa binti Kheir,

Waalaykumu salaam. Na marahaba. La kwanza ni faradhi na la pili ni adabu, usiyahesabu kuwa ni mazungumzo.

Barua yako kaileta Mahfoudh wa mikate, imejaa unga. Nimemuuliza Maalim wa msikitini: mtu aliyeapa kutosemesha, akiandika je? Akaniuliza nilipoapa nilinuia nini. Nikamwambia nilinuia kukukomesha. Akasema, basi andika, Bi Mwanapili, kwa kalamu yako atakoma zaidi.

Kafara sitoi. Eti utapika mwenyewe! Masikini wamekukosea nini?

Nina sharti moja. Kila barua uniandikie umefika tobo la ngapi. Si "naendelea," si "inshaallah." Tobo la ngapi.

Kuhusu hayo mashimo, nimesoma mara mbili na sikufahamu, na mimi si mjinga. Unatengeneza mashimo ndani ya mashine, kisha mashine inakufa. Kwa nini inakufa? Nieleze kama unavyomweleza mtu, usinieleze kama unavyomweleza huyo daktari wako. Mtoto amekhitimu msahafu ana miaka tisa, nataka kujua ni kitu gani hicho kilichomshinda.

Ndimu nilinunua ishirini. Zote kali.

Shangazi yako,
Mwanapili


Kiponda
28 Juni 2025

Shangazi mpenzi, shikamoo!

Imekufa! Zamu ya kwanza imekufa, na mimi nimefurahi mpaka chakula hakipiti! Nimejua kilichoiua!

Kaa kitako nikueleze. Chukua Jang'ombe yako. Anga nimeigawa vijumba vidogo vidogo, mamilioni kwa mamilioni, na kila kijumba kina namba zake: hapa anga imepinda kiasi gani, inavutwa upande gani. Kila nukta ya wakati, kila kijumba kinabisha hodi kwa jirani zake, kinauliza habari, kisha kinabadilisha namba zake kwa kile kilichosikia. Basi. Hesabu yote ni umbea wa majirani!

Sasa ndani ya shimo kuna nyumba ya mwendawazimu. Namba zake zinakua, zinakua, hazina pa kufika. Jirani akimuuliza habari, naye anapata wazimu, kisha jirani wa jirani, na mara mtaa mzima unapiga kelele. Kompyuta inaandika "si namba, si namba, si namba," halafu inanyamaza. Hicho ndicho kifo chake.

Wakubwa wa fani walishapata dawa zamani. Kwa kuwa cha ndani ya shimo hakitoki nje, hakuna haja ya kukihesabu. Lizungushie ukuta, za ndani ziache tupu, asiulizwe mtu humo. Nami nilifanya hivyo hivyo. Lakini mashimo yanatembea! Ukuta unatembea nayo, na kila ukisogea unaacha nyuma vijumba vilivyokuwa ndani, na hivyo havijui habari yoyote. Mimi nilivipa sufuri. Sufuri! Nusrat, tunayekaa naye chumba kimoja kazini, ndiye aliyecheka kwanza. Kaniambia, mgeni akihamia mtaani humfungii mlango ukamwambia habari ni sufuri. Unampa habari za majirani waliotangulia. Nimerekebisha, na majaribio madogo yanakwenda kama maji!

Zimebaki zamu mbili. Ya pili mwisho wa Julai.

Kofia: tobo la arubaini na mbili.

Mwanao,
Mayasa


Jang'ombe
10 Julai 2025

Kwa shoga yangu Mardhiya, Bububu,

Salamu nyingi, na miguu yako inaendeleaje? Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu hili nikilisema kwa sauti ntacheka, na kuta za hapa ni nyembamba.

Ile kofia uliyoniletea Jumatatu, ya "bibi harusi mmoja wa mjini aliyezidiwa na kazi," ukaniambia aliyeileta kwako ni msichana jina lake Nusrat. Mardhiya, penseli iliyochora maua hayo ni yangu. Matobo tisa ya mwanzo yameshonwa na mtu anayevuta uzi kama anakamua nazi, na mkono huo nimeufundisha mimi mwenyewe hapa barazani. Hii ni kofia ya Mayasa. Mtoto wa ndugu yangu kaikimbiza kazi yake mji mzima, ikazunguka mpaka kwako Bububu, ikarudi Jang'ombe miguuni pangu. Na huku ameniandikia amefika tobo la arubaini na mbili!

Nilipandwa na hasira, nikaitupa kitandani. Baadaye nikaiokota, nikaitazama vizuri. La kumi na la kumi na moja ameyatoboa karibu mno, kitambaa cha katikati hakifiki upana wa uzi. Ukikishona kinakatika. Hapo ndipo alipoitupa sindano. Ameharibu, kaona haya, akaogopa kuniambia, na aliyemtia hofu ni nani kama si mimi na kiapo changu? Kila alasiri alikuwa akija kunywa chai hapa, ananipigia makelele ya nyota mpaka kichwa kinaniuma. Sasa kichwa hakiniumi, na sipendi.

Ntaishona mimi. Jina langu usilitaje, hata huyo Nusrat akulilie. Ikimalizika ntakuletea, uirudishe kwa njia ile ile iliyojia.

Nisitiri, shoga.
Mwanapili


Jang'ombe
13 Julai 2025

Mayasa,

Marahaba.

Arubaini na mbili! Mashaallah, mkono umepata kasi. Hebu niambie, hukupata tabu pale baada ya tobo la tisa? Nakumbuka kama nilichora maua yamebanana mahali pale. Labda macho yangu.

Habari ya mtaa nimeifahamu, mimi nakaa humo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ina bibi, ukimuuliza bei ya muhogo unarudi nyumbani na talaka ya mtu. Ukuta ndiyo dawa yake. Hao wakubwa wako wana akili.

Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni. Mashimo yako mawili, kila moja na ukuta wake. Yakikaribiana kabisa, vile vijumba vilivyobanwa katikati ya kuta mbili vinamuuliza nani habari? Kulia ukuta, kushoto ukuta. Nimekiwaza hicho nikiwa nashona.

Nashona kofia ya mteja. Mwenyewe simjui.

Shangazi yako


Kiponda
2 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo,

Yamezunguka! Mara tano na nusu, Shangazi! Nilikaa na Dk. Muhiddin tunaangalia namba zinavyoingia, kila saa mzunguko unakaza, mashimo yanakimbizana kama watoto uwanjani, na mimi nimesimama juu ya kiti. Mzunguko wa nne nikapiga ukelele. Walinzi wakapanda ngazi wakidhani nyoka. Dk. Muhiddin, mtu asiyecheka tangu nimjue, akawaambia, "Hapana, ni anga tu."

Mzunguko wa sita yamefika nusu, yamebakiwa na unywele yagusane, ikaandika "si namba." Kimya.

Nimelia, sikufichi. Unywele! Nimepitia programu mstari kwa mstari siku tatu na sioni kosa. Swali lako la vijumba vya katikati nimelisoma, lakini vile vinaulizana vyenyewe kwa vyenyewe, ni vichache, si kitu. Kosa liko pengine na mimi silioni. Imebaki zamu moja, na Shangazi, naogopa. Nikishindwa nitasimama siku ya harusi na maua ya piko mkononi na sura ya mtu aliyefiwa.

Kofia: mia tatu na kumi. Tabu yoyote sikuipata, maua yako hayakubanana.

Mwanao,
Mayasa


Jang'ombe
6 Agosti 2025

Mayasa mwanangu,

Marahaba. Mia tatu na kumi? Lo! Mimi mwenyewe sijafika huko. Nilitaka kusema, ujana wangu nisingefika huko.

Njia ya mwongo fupi, husema watu. Sijui kwa nini nimeikumbuka leo.

Nisikilize. Mwaka ule wa kwanza marehemu Bwana Borafya kuniposa, nilishona kofia yake nikaifumua mara nne. Mara ya nne sikuwa na uzi, nikatumia uzi ule ule uliofumuliwa, umechakaa. Kofia hiyo ndiyo aliyoivaa Borafya makaburini siku aliyozikwa baba yako, na watu wakaisifu hata siku ya msiba. Kazi haijui mara ngapi umeshindwa. Inajua umeishia wapi.

Usilie kwa sababu ya unywele. Unywele ni karibu. Nimempa Mahfoudh visheti akuletee, vihesabu, maana naye ana mkono mwepesi. Kula. Sura ya mtu aliyefiwa unayo hata bila mashimo ukikaa na njaa.

Nakuombea kila sala.

Shangazi yako


Kiponda
27 Agosti 2025

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Sijui nianze na la aibu au la furaha. Naanza na la aibu kwa sababu bila hilo la furaha halifahamiki.

Nimekudanganya. Arubaini na mbili ni uongo, mia tatu na kumi ni uongo mkubwa zaidi. Sikuvuka tobo la tisa. La kumi na la kumi na moja niliyatoboa karibu karibu, nikaona nimeiharibu kofia, nikashindwa kukwambia. Nikampa Nusrat, naye akampelekea Bi Mardhiya wa Bububu anayegawa kofia kwa washonaji. Ndiyo hivyo. Mficha uchi hazai, umeniambia maisha yangu yote, na mimi nikauficha.

Sasa sikia. Leo mchana Nusrat kaniletea kofia imeshonwa. Shangazi, kazi! Sijaona kazi kama ile isipokuwa kwako. Nikaigeuza haraka nitafute mahali pa aibu yangu, nione mshonaji kafanya nini na yale matobo mawili. Hakuhangaika na kile kitambaa cha katikati. Hakukishona hata sindano moja. Amekikata, na akayazungushia matobo yote mawili mdomo mmoja! Tobo moja kubwa kidogo, limetulia katikati ya ua kama limechorwa lilivyo.

Nikaganda. Nusrat kaniuliza kama naumwa.

Shangazi, uliniuliza tarehe 13 Julai! Vijumba vilivyobanwa katikati vinamuuliza nani habari? Nami nikakujibu si kitu! Mashimo mawili yakikaribiana, kabla hayajagusana, KABLA, mdomo mmoja mkubwa unatokea unaoyazunguka yote mawili. Kilichomo katikati nacho kimeshaingia, hakitoki tena, hakuna haja ya kukihesabu. Vitabuni limo, nimelisoma tangu mwaka wa kwanza. Na katika programu yangu mstari upo wa kuutafuta huo mdomo mmoja. Nimeufungua mstari huo. Nimeuamrisha usubiri mpaka mashimo yagusane! Yaani nimeiacha kompyuta ihangaike na kile kitambaa cha katikati mpaka kikatike, ndipo itafute mdomo. Mstari mmoja, Shangazi. Nimeubadilisha: anza kutafuta mapema, yakikaribiana tu, na ukiupata mdomo, kata cha katikati.

Zamu ya mwisho inaanza kesho asubuhi.

Kuna tobo moja mshonaji kalisahau, la mwisho kabisa ukingoni, limetobolewa lakini halina uzi. Mengine yote yako kamili. Lakini si mkono wangu, na kiapo chako kilikuwa juu ya mkono wangu. Basi usinisemeshe, nastahili. Ila kukuficha tena siwezi.

Mayasa


Jang'ombe
28 Agosti 2025

Mayasa,

Uongo wako nimeusikia, na nimesikia ulivyoutoa mwenyewe bila kubanwa. Mengine baadaye.

Endesha mashine yako. Kazi iliyoanzwa kwa bismillahi haiangaliwi nyuma.

Tobo lililobaki usimpe mtu mwingine alishone.

Shangazi yako


Kiponda
2 Septemba 2025

SHANGAZI!

YAMEGONGANA!

Alhamdulillahi, alhamdulillahi, yamegongana! Mzunguko wa sita, pale pale ilipofia zamu ile, mimi nimefumba macho, Nusrat kanishika mkono mpaka kucha zimeniingia. Dk. Muhiddin akasoma kwa sauti: "Mdomo mmoja umepatikana." Kisha namba zinaingia, namba kweli kweli, na mashimo mawili yakawa moja! Likatikisika kama faluda kwenye bakuli, likatulia. Likatulia, Shangazi, na kompyuta bado iko hai inaendelea na hesabu zake kama hakuna kilichotokea!

Yale mawimbi ya anga tunaweza kuyageuza mlio. Unaanza chini, unapanda, unapanda kama birika linalokaribia kuchemka, kisha basi. Nimempigia Suhaib simu kazini kwake uwanja wa ndege, nikamchezea mlio. Akauliza, "Ndiyo huo?" Nikasema ndiyo huo. Akasema, "Nichezee tena." Nimempa na habari ya kofia, yote, na uongo wangu ndani yake. Amecheka. Anasema Unguja nzima atakuwa mwanamme peke yake mwenye shimo jeusi kichwani, na hataki kofia nyingine.

Dk. Muhiddin kaniambia nianze kuandika tasnifu kesho. Kesho! Ukurasa wa kwanza ni wa shukrani na hapo ndipo nakuhitaji. Nataka kumwandika yule mshonaji, maana bila sindano yake ningekuwa nalia mpaka sasa. Nusrat kamuuliza Bi Mardhiya mara tatu, kakataa kumtaja. Wewe washona kofia wote unawajua kwa mikono yao. Nikikuletea kofia kupitia Mahfoudh, utaweza kuniambia ni nani?

Nakutaka, Shangazi. Furaha hii ni nusu tu kwa sababu sijakupigia makelele yake barazani kwako.

Mwanao,
Mayasa


Jang'ombe
4 Septemba 2025

Mayasa mwanangu,

Kofia usiilete. Kwenye ukurasa wako andika hivi: Mwanapili binti Msabah, mshona kofia, Jang'ombe.

Haya, vuta pumzi.

Ililetwa kwangu tangu Julai. Umeikimbiza mji mzima na imekuja kulala mapajani mwangu. Penseli yangu niliijua, na mkono wako niliujua kwenye yale matobo tisa kabla sijavaa miwani. Arubaini na mbili! Mia tatu na kumi! Nilikuwa nasoma barua zako kofia iko mkononi, nacheka peke yangu mpaka jirani kauliza kama nimeolewa tena.

Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Imekwisha nilipofika kwenye yale matobo mawili yako. Kila mshonaji ametoboa hivyo siku moja, nami nimetoboa, na Bibi yako ndiye aliyenionyesha kuyazungushia mdomo mmoja. Ungekuja kuniambia ningekuonyesha kwa dakika tano. Hukuja kwa sababu mlango niliufunga mimi. Hilo ni langu, na mimi ndiye ninayekutaka radhi.

Na wewe mstari wako wa kompyuta ungeuona bila ya kofia. Ungechelewa, lakini ungeuona. Najua niliyemlea.

Tobo la mwisho sikulisahau. Mimi sisahau matobo. Nimekuachia. Nimemwendea tena Maalim: kofia ikishonwa na mikono miwili, ameimaliza nani? Akasema amemaliza anayekata uzi wa mwisho, na nia yako unaijua mwenyewe. Nia yangu nimeijua tangu siku ya tatu, nilikuwa naona haya kurudi nyuma.

Jumamosi ntakuja Kiponda. Sitopiga hodi, maana hodi ni neno. Ntavuta kamba ya kikapu chako cha dirishani. Uwe umeshashona.

Shangazi yako


Kwenye kikapu, Kiponda
6 Septemba 2025

Mayasa,

Nimefika, niko chini ya dirisha lako. Wapita njia wote wameniamkia na nimewaitika, umebaki wewe tu. Kamba yako imechakaa, nunua nyingine kabla hujaolewa. Teremsha kofia.

M.


Kwenye kikapu

Shikamoo Shangazi. Hiyo inateremka. Nimelishona jana baada ya sala ya Ijumaa, nimelifumua mara mbili, la tatu nimeliacha lilivyo. Suhaib yuko hapa nyuma yangu kajibana hata hapumui. Mlio wa mashimo nimeutayarisha, ukipanda tu nakuchezea. Umeiona? Umeiona?

Mayasa


Kwenye kikapu

Mayasa,

Nimeigeuza nje na ndani. La mwisho umelivuta uzi, limekaza upande mmoja kama yale tisa ya mwanzo. Ni mkono wako, hauna mfano wake Unguja nzima. Kofia imemalizika na nimeiona kwa macho yangu.

Karatasi basi. Leo siku ya tisini sijalitamka jina lako, ila kwenye dua. Toa kichwa dirishani. Nataka kukuita kwa sauti, Kiponda yote isikie, na wewe uitike.

Shangazi yako